MOYO ULIOKUFA GANZI

Somo la vikundi vya nyumbani. Tusome kwanza, kila mtu katika Biblia yake: Ezekieli 3:12-16 na 24:15-24, 1 Wafalme 19:1-8, Yobu 2:11-13.



Kuna neno moja linalosemwa chini-chini kwenye vilio vyetu, na neno hilo limeharibu nyumba nyingi: "Angalieni, hata chozi halikumtoka." Mtoto amezikwa, mama yake ameketi kwenye mkeka, macho makavu, anauliza kama wageni wamepata maji ya kunawa. Mume amefariki, mjane anahesabu viti vya kurudisha. Wengine wamelia mpaka sauti imekauka, yeye anatazama ukuta. Jioni shangazi wa marehemu anamnong'oneza jirani, jirani anamnong'oneza mwingine, na kabla ya siku ya kuondoa matanga neno limekwisha kuwa hukumu: asiyelia ndiye aliyemla. Pengine mmoja wa familia anakuja hata kwa muonaji wa kanisa kuomba ufunuo, akiwa na jibu lake tayari mfukoni.

Somo la leo ni kwa ajili ya huyo asiyelia. Tunataka kufahamu ni kitu gani kinampata, anasikia nini ndani yake ao hasikii nini, na sisi tulio karibu naye tufanye nini na tuache nini.

GANZI NI NINI

Sote tunajua ganzi ya mguu. Umeketi vibaya kwa muda mrefu, unataka kusimama, mguu upo, unauona, unaugusa kwa mkono, lakini ni kama mguu wa mtu mwingine. Tunajua pia ganzi ya jino. Muganga anapiga sindano kabla ya kung'oa. Unasikia koleo linavuta, unasikia hata mlio ndani ya taya, lakini maumivu hayafiki. Moyo nao unaweza kufa ganzi. Mtu anajua vizuri kwamba mtoto wake amekufa, anaweza kukuambia saa na siku. Habari iko katika kichwa, lakini haishuki kifuani.

Tuangalie hapa, kwa sababu wengi wanakosea. Hii siyo huzuni. Mwenye huzuni anaumia, na kuumia kwake kunaonekana. Anaweza kufarijiwa, kwa maana kuna mahali pa kumshika. Mwenye ganzi, mara nyingi, angeshukuru kama angeweza kuhuzunika. Ukimwuliza "Unasikia namna gani?" atakujibu "Sisikii kitu" ao "Niko vizuri tu", na hadanganyi. Ndiyo maana watu wanamwona kama mtu mwenye nguvu, wanamsifu, kisha baada ya majuma wanaanza kumwogopa.

Waliopita katika hali hiyo wanaieleza kwa mifano mingi. Mmoja anasema ni kama kukaa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa: anaona midomo ya watu inacheza, anaona mikono yao, lakini yeye yuko upande wa pili. Mwingine anasema sauti zinatoka mbali kama redio ya nyumba ya jirani. Chakula hakina ladha. Sombe yenye mawese na samaki anaimeza kama mtu anayemeza vidonge. Anambeba mtoto wake aliyebaki, mikono inajua kazi yake, lakini ule utamu wa kumbeba haupo, na jambo hili linamtisha kuliko mengine yote: anajiuliza kama bado anampenda. Wenzake wakicheka, anaangalia nyuso zao ili ajue wakati wa kucheka. Anajifinya mkono usiku apate kujua kama yuko hai. Jumanne na Jumamosi ni kitu kimoja. Halafu, katikati ya utulivu huo, hasira inaruka ghafla kwa sababu ya sahani iliyovunjika, watoto wanakimbilia nje, na baada ya hapo ukimya unarudi.

Na kanisani? Anasimama wimbo unapoanza, anapiga makofi sawa na wengine. Roho za wengine zinawaka, yeye anahesabu mabati ya paa. Akiomba, maneno yanatoka kama mtu anayesoma barua isiyokuwa yake. Anarudi nyumbani akisema ndani yake kwamba Mungu amemwacha, ao kwamba yeye ndiye amekuwa jiwe. Mambo haya hamwambii mtu yeyote, hasa mchungaji.

Majirani zetu wa Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, walikuwa na jina kwa watu wa namna hii: bapfuye buhagazi, waliokufa wakiwa wamesimama.

JUU YA NINI MOYO UNAJIFUNGA

Mwaka 1844, misionere David Livingstone alishambuliwa na simba huko Mabotsa, katika nchi inayoitwa leo Afrika ya Kusini. Simba alimkamata kwenye bega, akamtikisa, akavunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Livingstone aliokoka, na baadaye aliandika jambo la kushangaza: wakati anatikiswa hakusikia maumivu, wala woga. Alikuwa macho kabisa, anajua yote yanayotendeka, lakini ilikuwa kama ndoto. Yeye alidhani ni rehema ya Muumba kwa viumbe vinavyokamatwa na wanyama wakali.

Waganga wa leo wanajua zaidi kidogo kuhusu njia ya rehema hiyo. Mwili wa mtu unajitengenezea dawa zake za kutuliza maumivu. Mwaka 1975, huko Aberdeen katika Scotland, John Hughes na Hans Kosterlitz walionyesha kwamba ubongo wenyewe una vitu vinavyofanya kazi kama morfini. Hatari ikiwa kubwa kuliko nguvu, wakati hakuna njia ya kupigana wala ya kukimbia, mwili unachagua njia ya tatu: kukauka, kutulia, kutosikia. Mbuzi aliyekamatwa na chui anafanya hivyo. Mtu pia anafanya hivyo, na hachagui yeye, mwili unamchagulia. Wamama wengi waliotendewa ubaya katika vita wanajilaumu miaka na miaka: "Juu ya nini sikupiga kelele? Juu ya nini sikupigana?" Wapendwa, mwambieni mama huyo kwamba mwili wake ulifanya kazi ya kumwokoa. Hakukubali. Alikauka.

Kwa Livingstone simba aliondoka, na ganzi ikaondoka. Taabu inaanza pale simba haondoki, ao anaporudi kila mwaka. Mtaani kwetu, watu wote wakiwasha majiko ya umeme saa moja jioni na fundi naye anachomelea vyuma, kabini ya umeme inajikata. Inapojikata haichagui. Aliyekuwa anachomelea anakaa gizani, na bibi mzee aliyekuwa na taa moja tu, naye anakaa gizani. Moyo uliojikata ni vile vile. Umefunga njia ya maumivu, lakini furaha inapita katika njia hiyo hiyo, na upendo, na hamu ya kula, na hamu ya kuomba. Hatuwezi kuzima kimoja na kuacha kingine.

Mwaka 1962 muganga wa akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, alizungumza na watu wa Hiroshima, Japani, waliookoka bomu la tarehe 6 Agosti 1945. (Sisi Wakongomani hatuwezi kutaja bomu lile bila kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya uranium yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na baba zetu.) Watu wale walimweleza kwamba walitembea kati ya maiti na watu walioungua, wakiona yote, wakijua kwamba ni ya kutisha, lakini baada ya muda mfupi sana hawakusikia kitu tena. Lifton aliliandikia jambo hilo kitabu mwaka 1968. Tunalitaja ili watu wetu wajue kwamba ganzi ya moyo haina kabila. Haikuanza na ulozi wa kijiji fulani.

WATU WA BENI NA BUTEMBO

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni walikuwa wanazika jamaa zao waliouawa kwa mapanga, usiku kwa usiku. Juu ya hayo, tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa Ebola upande wa Mangina. Ugonjwa ulitembea Beni, Butembo, Katwa, mpaka Ituri, na ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, 2.287 kati yao walikufa.

Fikirini sasa namna watu hao walivyozikwa. Mama amepelekwa hospitali akiwa anatembea kwa miguu yake. Baada ya siku nne familia inaitwa. Watu waliovaa mavazi meupe, miwani na glavu wanaleta mfuko. Hakuna kuosha maiti, hakuna kumvalisha kikwembe chake kizuri, hakuna kumgusa, hakuna kulala naye usiku mmoja ndani ya nyumba. Familia inasimama mbali, inaangalia. Ndani ya dakika chache kazi imekwisha. Amri ile ilikuwa ya haki, tusiipinge. Maiti ya Ebola inaua, na vijiji vilivyoosha maiti vilizika wengi zaidi. Hata hivi mikono ya watoto na ya madada wa marehemu ilibaki na kazi ambayo haikufanywa. Kulia kwetu kunaanza katika mikono: kuosha, kufunga, kupika, kuchimba. Walionyimwa kazi hiyo, wengi wao, machozi hayakujua pa kupita.

Kuna jambo lingine la wakati ule ambalo linapaswa kukumbukwa. Huko Beni na Butembo waliofunguliwa nyumba za kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wanauguzwa. Walioajiriwa kuwabeba watoto hao walikuwa watu waliopona Ebola, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga. Watu ambao majirani walikataa kuwapa mkono, ambao wengine walikuwa wamepoteza nyumba nzima, walishinda mchana na usiku wakibembeleza mtoto wa mtu mwingine kifuani. Tutarudia jambo hili la mikono chini.

MTU WA MUNGU AMBAYE HAKULIA

Tufungue sasa Ezekieli sura ya 24. Nabii anafiwa na mke wake jioni, mke ambaye Maandiko yanamwita furaha ya macho yake. Asubuhi anavaa kilemba na viatu kama kawaida. Halii. Watu wanashangaa, wanakuja kumwuliza jambo hili lina maana gani kwao. Kama angekuwa katika mtaa wetu, tungalisema nini juu yake? Tuseme ukweli.

Na maana aliyowapa ni ipi? Kwamba siku inakuja ambapo wao wenyewe watapoteza mahali patakatifu na watoto wao, na pigo litakuwa kubwa hivi kwamba hawatalia wala kufanya matanga. Watadhoofika tu, wakiugua kila mtu kwa mwenzake. Biblia basi inajua msiba unaopita machozi. Haisemi kwamba watu hao hawakuwapenda watoto wao. Inasema pigo lilipita kipimo.

Turudi nyuma, sura ya 3. Ezekieli anafika Telabibu, kwenye mto Kebari, kwa ndugu zake waliochukuliwa mateka. Yeye ni nabii, ameitwa, ameona maono makubwa, Roho amemwinua. Anafanya nini anapofika? Anaketi kati yao, siku saba, akiwa ameshangaa, bila neno. Baada ya siku saba ndipo neno la Bwana linamjia. Waonaji wetu na wenye karama, tuliangalie vizuri. Kuna haraka katika kanisa letu, haraka ya kusema "Nimeona". Mtu anafiwa asubuhi, mchana amekwisha kupewa ufunuo juu ya nani aliyemwua. Nabii wa Kebari aliketi kwanza. Rafiki za Yobu nao waliketi siku saba bila kusema, na hizo ndizo siku zao nzuri. Waliharibu walipofungua kinywa.

Macho makavu si ufunuo. Tunaliandika wazi, ili mtu asiseme kanisa halikufundisha. Hakuna andiko linalosema mlozi anajulikana kwa kutokulia. Na juu ya watoto, sheria ya nchi pia imesema: Sheria Namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inampeleka gerezani mtu anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Maana watoto pia wanakufa ganzi. Mtoto aliyeona baba yake anauawa anaweza kucheza kimya peke yake, kutazama bila kupepesa, kupigwa bila kulia. Mama wa kambo anasema: "Huyu hana moyo wa mtu." Moyo anao. Umejificha, na ukipigwa tena utajificha mbali zaidi.

TUACHE NINI

Tuache kumlazimisha alie. Wako wamama wanaomtikisa mfiwa mabega: "Lia, mama, lia utoke!" Ni kama kumvuta mwenye mguu wa ganzi akimbie.

Tuache kumfungisha. Mtu ambaye hajalala siku tano, ambaye chakula hakipiti, halafu tunamwekea mfungo wa siku tatu ili "roho ya ukavu" imtoke! Tusome 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa, analala chini ya mti. Malaika hamkemei. Hamwulizi juu ya imani yake. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, anamwacha alale tena, anarudi mara ya pili na mkate mwingine. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani, siku arobaini mbele.

Tuache pia kumsifu kwa ganzi yake, hasa wababa. "Mwanaume halii," tunasema, na yule baba anaondoka na sifa yake mpaka kwenye nyumba ya kanyanga. Pombe ni ganzi juu ya ganzi. Inampa saa mbili za kutosikia kwamba hasikii, kisha inachukua mshahara, usingizi, na mwisho ndoa. Bibi yake analeta mashitaka ya ulevi mbele ya wazee wa kanisa, wazee wanahukumu ulevi, na hakuna anayeuliza baba huyu aliona nini njiani walipokimbia.

TUFANYE NINI

Kwanza tujue kwamba ganzi ya siku chache, hata ya majuma machache, baada ya pigo kubwa, ni kazi ya kawaida ya mwili. Mara nyingi inalegea yenyewe kama mtu anakula, analala, na ana watu karibu. Mtu asiachwe peke yake, lakini asizungukwe kama mgonjwa wa kuangaliwa. Nenda na kazi ya mikono. Kaa naye mkichambua lengalenga, mkitwanga sombe, mkitengeneza nyavu. Wakati wa kazi mtu anaweza kusema neno moja bila kutazamwa machoni, na neno la kwanza mara nyingi linatoka hivyo, upande upande.

Mwili ulifunga mlango, na mara nyingi mwili ndio unaofungua. Maji baridi usoni asubuhi. Jua mgongoni. Harufu ya kahawa. Kutembea mpaka sokoni na kurudi. Kubeba mtoto, kama wale wa Beni na Butembo, hata kama utamu haujarudi. Mikono itangulie, moyo utafuata kwa wakati wake. Mwenye kuimba katika kora asiondolewe eti kwa sababu uso wake hauna furaha. Asimame kati ya sauti za wengine. Kifua chake kinatetemeka pamoja na vifua vyao, ajue ao asijue. Juu ya maombi tumwambie kwamba anaweza kuja akae tu. Wengine wamwombee, kama wale wanne waliobeba mwenye kupooza kwa kitanda chake.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia nyingi hazikufundishwa. Kumbuka mguu wa ganzi: damu inaporudi, kunakuja nini kwanza? Kunakuja miiba. Unachechemea, unang'ata midomo. Moyo pia unarudi kwa miiba. Mtu aliyekuwa kimya miezi minane, siku moja anasikia wimbo ao anaona kandambili za mtoto chini ya kitanda, na analia mpaka jirani wanakuja mbio. Ao anakasirika, anasema maneno makali kwa mume, kwa mchungaji, kwa Mungu mwenyewe. Familia inasema: "Alikuwa vizuri, sasa amerudi nyuma, amepata wazimu." Hapana. Pengine ndiyo siku anayoanza kupona. Hapo ndipo anahitaji watu zaidi kuliko siku ya maziko, na hapo ndipo watu wamekwisha kurudi kwao.

WENYE KUWASAIDIA WENGINE

Yule muganga Lifton aliandika jambo moja juu yake mwenyewe. Siku za kwanza kule Hiroshima, habari alizosikia zilimwumiza sana. Baada ya muda aliona hazimwumizi tena kama mwanzo, akaweza kufanya kazi. Ganzi kidogo ni chombo cha kazi. Muganga anayepasua tumbo hawezi kulia juu ya kisu. Lakini chombo kinapaswa kuwekwa chini jioni. Mashemasi wanaozika watu wanne katika juma moja, wauguzi, walimu wa shule za wakimbizi, wamama wa huruma wanaopokea wenzao waliobakwa: wengi wao wanarudi nyumbani na uso ule ule wa kaburini, na watoto wao wanajifunza kutokaribia. Viongozi wa parokia wapange zamu, mtu apumzike majuma mawili bila kuhesabiwa kuwa mvivu.

KUPELEKA MTU KWA WAGANGA

Kama mwezi umepita na mambo hayalegei, kama mtu hawezi kazi wala kulea watoto, apelekwe kwenye kituo cha afya, na aelezwe vizuri kwa muganga. Wengi wanasema "kichwa kinaniuma" na kupewa vidonge vya kichwa. Akisema anataka kufa, ao akiacha kula kabisa, ao akisikia sauti zisizo na mtu, apelekwe siku hiyo hiyo. Tuongeze kwamba dawa nyingine za kutuliza huzuni zinaweza kuleta ganzi zenyewe. Anayezimeza asiziache kwa ghafla, amwambie aliyemwandikia ili abadilishe ao apunguze. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, nyumba za matunzo ya akili zilizoanzishwa na mabruda wa Kikatoliki. Kwenda huko si kuitwa kichaa, na si kukosa imani.

Na matunzo hayo yanafaa kwetu? Mwaka 2013 mtafiti Judith Bass na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao katika vijiji vya mashariki ya Kongo, kwa wamama waliobakwa. Katika vijiji 7, wamama 157 walikutana kwa vikundi, kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi, wakisaidiwa kuangalia mawazo yaliyowafunga, kama lile la "ni kosa langu". Katika vijiji 8, wamama 248 walipata msaada wa kawaida, wa mtu mmoja mmoja. Baada ya miezi sita, wenye dalili kubwa za huzuni ao mahangaiko walikuwa 9 kwa mia katika vikundi vile, na 42 kwa mia katika msaada wa kawaida. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wamama wa huko huko waliofundishwa, na wengi wa waliohudhuria hawakujua kusoma.

KAZI YA VIKUNDI

Kiongozi aulize, na kila mtu ajibu kwa ufupi. Katika mtaa wetu, mtu asiyelia kwenye kilio anasemwa namna gani, na nani anayesema kwanza? Ezekieli angejibu nini kama mngemwuliza siku ile yeye mwenyewe anasikia nini? Katika kikundi hiki, nani aliyefiwa ana miezi sita ao mwaka, ambaye hatukurudi kwake tangu kuondoa matanga?

Jina hilo lisijadiliwe mbele ya watu. Liandikwe kwenye karatasi, na watu wawili wachaguliwe kwenda kwake Jumatano: waende na mboga za kuchambua, wasiende na mahubiri. Jumatano inayofuata waende tena.